Sampuli za kununua, wimbo wa kwako

SWALI: Nimenunua pakiti ya sampuli za electro house ya Kifaransa, lakini biti zangu zinafanana na za kila mtu. Nifanyeje?

JIBU: Usiitumie sampuli kama ilivyokuja. Justice, wawili wa Paris waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 2007, walikatakata rekodi za zamani vipande vidogo mno, hata chanzo kisitambulike. Nawe kata besi, vipange upya vipande vyake, kimoja kicheze kinyumenyume, kisha ongeza distosheni. Mwendo uwe mapigo 120 hadi 130 kwa dakika. Weka kompresa kwenye besi, iongozwe na kiki: kila kiki inapopiga, besi ishuke, na muziki utapumua. Kabla ya kuuza wimbo, soma leseni ya pakiti yako.