Kijiko cha chai ni kipi? Studio ya michoro inayohudumia mashirika ya hisani

Mashirika mengi ya huduma, yakiwemo ya makanisa, hutoa mabango, vipeperushi na vitabu vya mafunzo bila kuwa na mchoraji wao wenyewe. Kazi hupelekwa studio ya mjini. Makala hii ni kwa wanaoendesha studio ya namna hiyo, na kwa waratibu wa miradi wanaowapa kazi. Sisi tunafanya kazi mkoani Tanga, na mifano yetu mingi inatoka Horohoro, mpakani na Kenya.

Anayelipa siye anayetazama

Muuza sabuni akitangaza bidhaa yake, baada ya muda atajua kama tangazo limefaa, kwa sababu atahesabu mauzo. Katika kazi ya hisani mambo ni tofauti. Mfadhili analipa, mratibu anapokea, na mama wa kijijini Mkinga ndiye anayetazama. Wawili wa kwanza wakipendezwa, studio italipwa hata kama yule wa tatu hakuelewa kitu.

Chukua mfano wa maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, pale ambapo pakiti za ORS hazipatikani. Kipimo ni lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mchoraji anataka kijiko kionekane kwa mbali, kwa hiyo anakikuza. Sasa kimekuwa kijiko cha kulia wali. Mama akifuata picha ilivyo, chumvi itazidi, na chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji mwilini. Chupa nayo ina shida yake, kwani madukani kuna za nusu lita na za lita moja na nusu. Tunashauri zichorwe chupa 2 za nusu lita, na kijiko kiwekwe ndani ya kikombe cha chai ili jicho lipate cha kulinganisha.

Kujaribu picha kabla ya kuchapa

Utafiti uliofanywa vijijini Nepal na kuchapishwa mwaka 1976 ulionyesha kwamba watu wasiozoea picha hawazitazami lazima kutoka kushoto kwenda kulia, wala hawadhani kwamba picha zilizopangwa pamoja ni hadithi moja. Hapa pwani tuongeze jambo lingine. Wengi walianza kusoma chuoni, kwa herufi za Kiarabu zinazoanzia kulia. Ukiwachorea mtoto mgonjwa, kisha dawa, kisha mtoto mzima, huenda mtu akaona dawa imemgonjesha! Panga picha kutoka juu kwenda chini, uzitie namba, kisha uzijaribu.

Kujaribu si kazi ngumu. Nenda na rasimu stendi ya Horohoro, kwa mama lishe, wapagazi na vijana wa bodaboda. Funika maneno kwa karatasi. Mwonyeshe mtu mmoja mmoja, kwani wakiwa kundi wa kwanza akishajibu wengine watamfuata. Usiulize, "Umeelewa?" Kwa adabu kila mtu atasema ameelewa. Uliza, "Unaona nini hapa?" kisha nyamaza uandike.

Mpaka wenyewe unafundisha. Bango likisema "shilingi 500", msafiri atokaye Lunga Lunga atafikiria shilingi za Kenya, ambazo thamani yake ni kubwa zaidi. Namba nyingi za simu za bure hufanya kazi upande mmoja tu, ingawa 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, inatumika nchi zote mbili.

Wapo waliojenga kazi yao juu ya kusikiliza namna hii. Femina HIP, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1999 na Minou Fuglesang, mwanaanthropolojia aliyekuwa amefanya utafiti kwa wanawake vijana wa Lamu, ilitoa gazeti la Si Mchezo! kwa ajili ya vijana wa vijijini. Visa vyake vilikusanywa mikoani kutoka kwa watu wenyewe.

Fedha na makubaliano

Gharama ya majaribio iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa mstari wake. Ikifichwa ndani ya "usanifu" ndiyo itakayokatwa kwanza. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kilometa 65 za lami; nauli ya watu wawili ni ndogo sana ukilinganisha na kuchapa upya.

Studio isiishi kwa kazi za hisani peke yake. Kadi za harusi, fulana na mabango ya maduka ndizo zilipe pango na umeme. Shirika likipunguziwa bei, ankara ionyeshe bei kamili na punguzo, ili kila upande ujue kilichotolewa. Marekebisho yawekewe kikomo, tuseme mara 2. Kuhusu nembo za wafadhili, hatuna uvumilivu mkubwa: nembo 7 chini ya bango hula nafasi ya herufi ambazo mzee angeweza kuzisoma.

Picha ya mgonjwa au ya mtoto isitumike bila ridhaa iliyoelezwa kwa lugha anayoielewa mhusika au mzazi wake. Mwambieni wazi kwamba bango litabandikwa mahali ambapo jirani na shemeji watapita.

Zoezi la ofisini

Chukueni bango mlilochapa mwaka jana. Funikeni maneno, kisha mwonyesheni mlinzi wa usiku na mtu mmoja sokoni. Andikeni majibu yao kama walivyoyasema, na mpelekeeni mchoraji kabla ya kumpa kazi nyingine.