Gunia la Kilo 98

Nauza mchele Mlandege, mjini Iringa. Naufuata Igurusi, upande wa Mbeya, ambako mpunga wa bonde la Usangu unakobolewa kwenye mashine zilizo kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Mwaka 2021, nikiwa na miaka 43, nilijiandikisha kwenye kozi ya miezi mitatu ya uendeshaji wa biashara katika chuo cha maendeleo ya wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya namna hiyo alivyoviona Sweden, na leo viko zaidi ya hamsini nchini. Kwetu Nyanda za Juu Kusini watu wanavijua Ilula, Rungemba na Nzovwe. Mtu wa darasa la saba kama mimi anapokelewa bila kuulizwa cheti cha kidato cha nne. Kilichonipeleka ni swali moja: mbona mchele unatoka kila siku na hela haionekani?

1. Bei ya kuuzia ukitoa ya kununulia hupati faida

Siku ya pili mwalimu alitaka kila mtu aandike ubaoni safari moja ya biashara yake, tangu hela ilipotoka hadi iliporudi. Niliandika kwa kujiamini: magunia 10, kilo 1,000, nimenunua kilo kwa shilingi 1,300, nimeuza kwa 1,600. Faida laki tatu.

Akaniuliza, "Mama, mzigo ulifikaje Iringa?"

Tukaanza kuandika upya. Gari, 6,000 kwa kila gunia, 60,000. Nauli yangu kwenda na kurudi 30,000, gesti 15,000, chakula 10,000. Makuli wa kupakia na kushusha 20,000. Mifuko 10,000. Kodi ya fremu 50,000. Na kulikuwa na kilo kama 20 ambazo kila safari sikuzikuta kwenye mauzo, nazo ni 32,000. Jumla 227,000. Zilizobaki ni 73,000, kwa siku 26 za kusimama dukani tangu asubuhi. Hiyo ni kama 2,800 kwa siku. Kuli aliyenipakilia Igurusi alipokea 10,000 yake kwa kazi ya nusu saa.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa najiona mfanyabiashara, watoto wangu walijua mama yao ni mfanyabiashara, na hesabu ilikuwa imekaa ubaoni mbele ya watu ishirini. Lakini hesabu ileile ndiyo iliyonionyesha pa kukata. Siku hizi tuko wanawake watatu wa Mlandege tunaokwenda kwa zamu: mmoja anasafiri, ananunua mzigo wa wote, na nauli, gesti na chakula chake tunagawana. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yetu miaka yote. Hatukuwahi kuliona kwa sababu hatukuwahi kuliandika.

2. Mchele wa nyumbani ni faida iliyoliwa mapema

Nilitaka na kilo 20 tunazokula nyumbani ziingie kwenye gharama. Mwalimu alikataa. Alisema gharama ni kile ambacho biashara isingeweza kuendelea bila hicho, na duka langu lingeendelea vizuri kabisa hata kama sisi tungekula ugali. Ule mchele nilikuwa nimeuchukua kutoka kwenye zile 73,000. Ukiutoa, zinabaki 41,000, na humo ndimo nilimokuwa natafuta ada, michango ya harusi na safari za misibani. Nilipokosa, nilichota kwenye hela ya mzigo unaofuata, nikaita biashara mbaya.

Sasa najilipa 80,000 kwa mwezi, mchele wa nyumbani ukiwa ndani yake, nami naandika kila kilo ninayobeba. Kazi ngumu ni kwa ndugu. Ukiwa na duka, kila anayekuja na kadi ya mchango anaona magunia nyuma yako na anahesabu kuwa unazo. Kumwambia shemeji yako kwamba yale magunia si yako bali ni ya biashara, kunataka moyo. Nimelisema hilo mara nyingi, na bado naumia kila ninapolisema.

3. Mgema alikuwa anajua msimu kabla ya mwalimu

Darasani tulikuwa na baba mmoja mgema wa ulanzi. Mianzi hugemwa masika, kiangazi inanyamaza. Kwa hiyo alikuwa amezoea kutenga hela ya miezi ya ukame kabla hajanunua hata sabuni. Mwalimu alipofika kwenye somo la mzunguko wa fedha alimwomba yeye asimame aeleze. Mimi nilikuwa nanunua mzigo kila mwezi kwa bei yoyote niliyoikuta. Baada ya kumsikiliza, mwaka huohuo wakati wa mavuno nilinunua mpunga kidogo nikauacha kwenye ghala la mashine, maana mpunga unatunzika kuliko mchele, nikaukoboa bei ilipopanda.

4. Daftari linapunguza kodi

Fundi cherehani mmoja alikuwa anaficha mauzo yake hata kwetu wanafunzi wenzake, akiogopa kodi. Kwa viwango vya mwaka ule, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alilipa 100,000 kama hana kumbukumbu. Akiwa nazo, alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Yeye alikuwa na mauzo ya kama milioni 6, yaani 60,000. Alikuwa analipa 40,000 zaidi kila mwaka kwa kuogopa daftari la shilingi 1,500.

5. Mzani ni wa haki pia

Narudi kwenye zile kilo 20 ambazo kila safari sikuzikuta kwenye mauzo.

Kabla ya kozi nilikuwa na binti wa dada yangu aliyenisaidia dukani. Nilipoona mchele unapungua kila mzigo, niliangalia kushoto na kulia, nikamwona yeye. Sikumtukana. Nilimwambia tu kwamba biashara imekuwa ndogo, nikampandisha basi la Makambako. Lakini dada yangu nilimpigia simu nikamwambia ninachokidhani.

Baada ya kozi nilinunua mzani wa kuning'iniza nikaenda nao Igurusi. Gunia la kwanza lilikuwa kilo 98. La pili 98. La tatu 97. Kwa magunia 10 zilikosekana kilo 19, na aliyeniuzia akaniambia hilo ndilo gunia lake siku zote. Tumezoea kulalamikia lumbesa, gunia linalojazwa kupita kilo 100 ambazo sheria ya vipimo inaruhusu, na mkulima wa viazi wa Uporoto anaijua kwa maumivu. Gunia linalopungua sijawahi kulisikia likipewa jina.

Kurudi, nilishuka Makambako. Binti alinikuta mlangoni. "Kamwene, mama mdogo," akanisalimia, akanipokea mkoba. Nilimwonyesha daftari, nikamsomea uzito wa kila gunia, nikamwambia kwamba mchele ule haukuwahi kufika dukani, na kwamba nilimdhania vibaya. Nikamwomba msamaha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimeshamwambia na mama yake.

Dada yangu alikuwa uani, anachambua maharage. Nilichukua daftari nikatoka.