Picha za Chaki na Mahali pa Kusimama

Katika nchi ya Italia, karibu na mji wa Mantova, kuna kijiji kiitwacho Grazie. Tangu mwaka 1973, kila ifikapo tarehe 15 Agosti, ambayo ni sikukuu ya Wakatoliki, wachoraji hukusanyika katika uwanja ulio mbele ya kanisa, wakapiga magoti na kuchora chini kwa chaki za rangi. Huitwa madonnari, kwa kuwa wachoraji wa zamani walizunguka vijijini wakati wa sikukuu wakichora sura ya Bikira Maria barabarani, na wapita njia wakiwatupia senti. Mgeni hupita kati ya picha kwa uangalifu, kama sisi Pemba tupitavyo kando ya majamvi ya karafuu, asije akakanyaga. Mvua ikinyesha, kazi yote huondoka.

Picha nyingi za namna hiyo hutazamwa kama picha yoyote. Lakini katika miaka ya 1980 Mmarekani mmoja, Kurt Wenner, alianza kuchora kwa hila nyingine. Ukisimama mahali pamoja tu, picha iliyolala chini huinuka, ukadhani ardhi imefunguka au mtu anatoka shimoni. Ukisogea hatua chache, umbo lote huharibika. Asili ya hila hii ni ya kale: Hans Holbein aliitumia mwaka 1533 kuchora fuvu la kichwa ambalo halitambulikani mpaka ulitazame kwa upande.

Mimi niliidharau kabla ya kuijua. Mwaka jana kijana mmoja wa darasa letu alichora nguzo kwenye njia ya saruji itokayo madarasani. Ilikuwa ndefu kama ngalawa, mwanzo wake mwembamba, mwisho umetanuka. Tulicheka sana, na mimi nilicheka kupita wote. Alitusihi tusimame pale aliposimama yeye, hapana aliyekubali. Mchana mvua ya vuli ikaiosha.

Jioni nilimwendea. Hakuwa na kinyongo. Alileta kibatari na fimbo, akanionyesha jambo ambalo kila msomaji aweza kulijaribu kwao.

Weka taa ndogo mahali ambapo jicho la mtazamaji litakuwa. Simamisha fimbo mbele yake. Kivuli kikianguka sakafuni, kifuate kwa chaki ukingo kwa ukingo. Kisha ondoa fimbo na taa, na jicho lako moja ulilete pale pale palipokuwa na mwanga. Utaiona fimbo imesimama! Jicho la pili lifumbwe, maana macho mawili hupima umbali na kuivumbua hila.

Sasa hesabu. Taa iwe juu ya sakafu kwa sentimita 150, na fimbo iwe mbali nayo kwa sentimita 300. Fimbo ya sentimita 30 itatoa kivuli cha sentimita 75. Ya 60, kivuli cha 200. Ya 90, kivuli cha 450. Hizi ni pembetatu zenye maumbo sawa tulizofundishwa: zidisha urefu wa fimbo kwa 300, kisha ugawe kwa tofauti iliyopo baina ya urefu wa taa na urefu wa fimbo. Ndiyo sababu nguzo ya mwenzetu ilikuwa ndefu mno. Na fimbo ya sentimita 150 je? Jaribu kugawa, utaona kwa nini kivuli chake hakina mwisho.

Siku ya pili tulichora fimbo ya sentimita 60 kwenye njia ile ile, kwa vipande vya chaki vilivyobaki ubaoni (vile vizima ni vya mwalimu). Safari hii yule kijana alitangulia kuchora nyayo mbili mahali pa kusimama, na pembeni akaandika kwamba aliye mrefu apinde magoti. Wa kwanza kusimama hapo nilikuwa mimi.