Garimoshi: moshi uliobaki katika neno

Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, kwa injini za mvuke. Tuchunguze neno garimoshi. Gari lina asili ya Kihindi. Moshi ni la Kibantu. Wingi wa kirai gari la moshi ni magari ya moshi. -A unganifu ilipodondoka, likapatikana neno ambatani garimoshi, wingi magarimoshi. Leo hata treni ya dizeli isiyo na mvuke huitwa hivyo: neno limehifadhi historia. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yanahifadhi injini 5918, Mount Gelai. Lakini msamiati wa wapakia makaa na madereva huhifadhiwa vinywani mwao. Wanafunzi wenzangu, tuwarekodi wazee wa reli wangali hai.