Pimamaji Usoni: Kwa Nini Daktari wa Meno Anataka Kupima Sura Yako

Shangazi yangu aliwahi kutengenezewa meno bandia ambayo, yakiwa kwenye glasi ya maji usiku, hayakuwa na kasoro yoyote. Yalipangika vizuri, weupe wake wa kiasi, na mahindi ya kuchemsha yalitafuna. Kasoro ilijitokeza kwenye picha za harusi ya binti yake: kila alipocheka, mstari wa meno ulikuwa umeshuka upande wa kushoto, na uso mzima ukaonekana kana kwamba mtu ameuvuta. "Nimekaa mshazari kama mlango wa banda la kuku," alisema, akaziweka zile picha kabatini.

Fundi wa maabara aliyeyatengeneza hakuwa mzembe. Aliletewa chapa ya fizi, akaimwagia plasta, akapanga meno juu yake mezani kwa jicho lake. Lakini plasta haina macho, haina pua, haina midomo. Mwashi akinyang'anywa pimamaji na timazi, ukuta wake utanyooka kwa kulinganishwa na nini? Siku hizi baadhi ya kliniki zina jibu la swali hilo, nalo ni skani ya uso: sura ya mgonjwa hupigwa kwa pande zake zote, ikaingizwa kwenye kompyuta, na meno yakapangwa ndani ya uso wa mwenyewe badala ya kupangwa hewani.

Wazo lenyewe si geni. Kwa miaka mingi madaktari wametumia upinde wa uso, chuma cha nusu duara kinachoegemezwa masikioni na kung'atwa kwa mbele, ili mahali taya la juu lilipo kichwani pahamishiwe kwenye kile kifaa cha mezani kinachoigiza taya. Ukitumiwa na mwenye mkono mzuri unafaa hadi leo. Udhaifu wake ni kwamba unaamini matundu ya masikio yako sawa, na watu wengi masikio yao hayako sawa. Jiangalie kwenye kioo ukiwa umevaa miwani.

Skana ya kuingiza kinywani nayo ina umri. Mwaka 1985, huko Zürich nchini Uswisi, Werner Mörmann na Marco Brandestini walikuwa wameshaanza kupima jino kwa kamera na kumchongea mgonjwa kiraka cha kauri akiwa bado kitini. Skana za leo za kinywani hupima meno kwa usahihi wa sehemu ndogo sana ya milimita. Ila zina upofu uleule wa plasta: zinaona meno na fizi, basi. Skana ya uso inaleta kilichobaki. Ziko zenye kamera kadhaa zinazopiga kwa mpigo mmoja, chini ya sekunde. Ziko zinazorusha michirizi ya mwanga usoni na kusoma inavyopinda. Na iko simu. iPhone X iliyotoka mwaka 2017 ilikuja na kamera ya mbele inayorusha vidoti zaidi ya 30,000 vya mwanga usioonekana kwa macho, na tangu hapo programu nyingi za meno zimejengwa juu ya simu za namna hiyo. Zote hizi ni mwanga tu. Hakuna eksirei ndani yake, na mjamzito hana cha kuogopa.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Skani ya uso haipimi kwa ukali wa skani ya kinywa. Ya simu inaweza kukosea milimita moja na kitu. Jino likichongwa kwa kosa hilo halitakaa. Kwa hiyo uso hutumika kuonyesha meno yaelekee wapi, yaishie wapi, mstari wa katikati usimame wapi. Jino kukaa sawasawa juu ya shina lake ni kazi ya skani ya kinywa au chapa. Kwa kipandikizi kinachoingia kwenye mfupa, au upasuaji wa taya, huongezwa picha ya tatu, ya eksirei ya pande zote, inayoonyesha mfupa na njia ya neva. Hiyo ndiyo yenye mionzi, na hiyo ndiyo ya kuuliza kama kweli inahitajika.

Nilimsindikiza Shangazi alipokwenda kujaribu tena, kliniki moja jijini Dar es Salaam. Daktari alikuwa mdogo kuliko watoto wake. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamwomba avue miwani na hereni na kusogeza mtandio nyuma hadi paji lote la uso lionekane. Shangazi akamtazama kijana aliyekuwa ameshika kifaa. Kijana akaelewa, akatoka, akaingia muuguzi wa kike. Nasema hili kwa ajili ya wanaovaa ushungi: una haki ya kuomba mwanamke na mlango uliofungwa, na ni vizuri kuliomba siku ya kuweka miadi. Paji haliwezi kurukwa. Mtu anapocheka, midomo na mashavu husogea, lakini paji na mzizi wa pua hutulia, na hapo ndipo kompyuta inaposhikilia inapounganisha skani moja na nyingine.

Baada ya hapo alipanguswa uso kwa pamba. Ngozi inayong'aa kwa mafuta au jasho hurudisha mwanga ovyo, na sura hutoka na mabonde ambayo mwenyewe hana. Ndevu nene na nywele zilizoangukia usoni zina usumbufu huohuo. Rangi ya mdomo ifutwe pia, kwani huficha ukingo halisi wa mdomo. Kichwa kinyooke, macho yatazame mbali mbele, na mtu asipumue kwa nguvu wakati kifaa kinazunguka.

Kwa mwenye meno yake huchukuliwa angalau sura tatu. Ya kwanza midomo ikiwa imelegea: unaambiwa useme "mama" kisha uache mdomo uanguke wenyewe. Ya pili ni kicheko kipana. Ya tatu midomo ikiwa imevutwa kando kwa kishikizo cha plastiki, haina urembo wowote, lakini ndiyo inayounganisha kila kitu, maana meno yanayoonekana hapo ndiyo yanayolazwa juu ya yale ya skani ya kinywa. Shangazi hana hata jino moja, kwa hiyo alipigwa akiwa na meno yake bandia ya zamani, kisha akiwa na kizingo cha nta mdomoni, kinachoshika nafasi ya meno.

Daktari akageuza kioo cha kompyuta tukione. Akavuta mstari mwekundu kutoka mboni hadi mboni, akauteremsha polepole hadi kwenye meno. Kulia uligusa ncha za meno. Kushoto meno yalikuwa yameupita kwa chini, kiasi cha unene wa sarafu. Shangazi akasogea karibu, akanyoosha kidole. "Ndiyo hapo. Miaka minne nawaambia watu ndiyo hapo."

Kiasi hicho kidogo kinatosha kuharibu picha ya harusi. Mwaka 1999 Vincent Kokich na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti ambamo picha za tabasamu zilipotoshwa kidogokidogo kisha zikaonyeshwa kwa madaktari na kwa watu wa kawaida. Mstari wa katikati wa meno uliposogezwa kando hata milimita 4, watu wa kawaida hawakuona. Meno yalipoinamishwa kwa milimita 2 tu, waliona. Jicho la mtu husamehe kusogea, kuinama halisamehe. Ndiyo maana mimi naiona kazi hii ya kunyoosha mstari kuwa na thamani kuliko picha zote za kupendeza ambazo programu inaweza kutoa.

Daktari hakuuamini ule mstari moja kwa moja, hata hivyo. Alimsimamisha Shangazi ukutani, akamtazama kwa macho yake kwa dakika nzima. Kuna watu ambao jicho moja liko juu ya jingine, na meno yakifuata mboni zao yatapinda pamoja nazo. Ukiona kliniki ambako hakuna aliyekutazama ukiwa umesimama na kuzungumza, kompyuta tu ndiyo iliyokutazama, uliza.

Shangazi alitaka meno marefu kama ya binti yake. Hapo pia uso ulisaidia kumaliza ubishi. Utafiti wa Vig na Brundo wa mwaka 1978 ulipima meno ya juu yanavyoonekana midomo ikiwa imelegea: kwa wanawake wastani ulikuwa takriban milimita 3.4, kwa wanaume 1.9, na kadiri umri unavyosogea ya juu hujificha na ya chini huanza kuonekana. Meno ya msichana kwenye mdomo wa mama wa miaka 68 humtangulia mwenyewe mlangoni. Walikubaliana katikati.

Nani anahitaji haya yote? Anayetengenezewa meno yote, anayebadilisha meno mengi ya mbele kwa mkupuo, anayefanyiwa upasuaji wa taya, na baadhi ya wanaofungwa nyaya za kupanga meno pale wasifu wa uso utakapobadilika. Kuziba jino la nyuma, kung'oa, kutibu mzizi: hapana. Jino moja la mbele mara nyingi hutosheka na picha nzuri za kawaida. Ukilipishwa skani ya uso kwa gego lililotoboka, ulizia sababu yake.

Kundi moja nalitaja peke yake, nalo ni waliokulia maji ya Arusha, miteremko ya Meru, na sehemu nyingine za Bonde la Ufa hadi Kenya, ambako floraidi ya majini huzidi kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia yamewafanya wengi wazibe mdomo wakicheka, nao ndio wanaovutiwa haraka na picha ya kompyuta yenye meno meupe. Skani ya uso haijui doa limezama kiasi gani ndani ya jino. Hata rangi haiamui vizuri. Hiyo huchaguliwa kwa vipande vya sampuli, kwenye mwanga wa mchana, jino likiwa na unyevu wake. Mara nyingi kusugua juujuu kwa dawa, kung'arisha, au kupaka ujazo wa rangi ya jino hutosha. Magamba ya kauri, yale yanayoitwa vinia, kwa kawaida hudai kukwanguliwa kwa takriban nusu milimita ya gamba gumu la jino, na gamba hilo halioti tena. Kwa hiyo kabla mashine haijagusa jino, omba mpango wa kwenye kompyuta ugeuzwe kuwa meno ya majaribio, ya plastiki, yanayobandikwa juu ya meno yako bila kukwangua. Nenda nayo nyumbani ikiwezekana. Kula. Ongea na mama yako.

Uliza pia sura yako inalala wapi. Imepigwa kwa simu ya nani, inatumwa maabara gani, itafutwa lini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinaziweka taarifa za afya na za kibayometriki katika kundi nyeti. Ruhusa ya kutibiwa si ruhusa ya kuwekwa kwenye tangazo la kliniki. Kila ruhusa itiwe saini yake. Na ukihama daktari, omba faili zako kwenye flashi. Faili la STL hubeba umbo tu, bila rangi. Kwa uso omba OBJ au PLY.

Wiki mbili baadaye Shangazi alivalishwa meno yaliyopangwa kwenye nta, hayajakamilishwa bado. Skani haijui mtu anavyoongea, kwa hiyo daktari alimtaka aseme "fulana, vifaa, fundi", akiangalia ncha za meno ya juu zinavyogusa mdomo wa chini. Kisha akamwambia ahesabu kuanzia sitini. Kwenye "sitini na sita" ilitoka filimbi. Fundi akaitwa, akakwangua nta kidogo nyuma ya meno ya mbele, akayarudisha. Shangazi akaanza upya: sitini, sitini na moja. Alipofika sabini daktari akamwambia inatosha. Akaendelea hadi themanini.