Mfunue kichanga umnyonyeshe

Watoto wangu wote wawili wamezaliwa kipindi cha baridi: wa kwanza Mbeya mwezi Juni, wa pili Iringa mwezi Julai. Huku kwetu kichanga huviringishwa kanga, shali na blanketi, kofia ikashuka hadi kwenye nyusi. Nia ni njema, ila mtoto aliyefungwa hivyo husinzia mno, na mikono yake ikiwa ndani humwoni anapoomba ziwa.

Maana kichanga huomba kabla ya kulia. Hugeuza kichwa akitafuta, hutoa ulimi, hupeleka ngumi mdomoni. Kilio huja mwisho, na akishakasirika hushika ziwa kwa shida, mbembeleze kwanza.

Mimi nilikuwa nafunga dirisha, namvua yote isipokuwa nepi na kofia, namlaza kifuani ngozi kwa ngozi, kisha blanketi linatufunika wote wawili. Joto la mama linamtosha. Tumbo lake liguse lako, kichwa na mwili vinyooke. Mguse kwa chuchu chini ya pua, subiri afungue mdomo kama anayepiga mwayo, ndipo umvute kwako. Usimwinamie, mgongo utakuuma. Kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ubinuke nje, na weusi unaozunguka chuchu uingie sehemu kubwa. Akishika chuchu tupu, wewe utaumia na yeye hatashiba. Penyeza kidole safi pembeni mwa mdomo, mwachishe, anza upya.

Mwanzoni hunyonya harakaharaka. Maziwa yakishuka, huvuta polepole, humeza, hupumzika. Sikiliza anavyomeza. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia. Kuanzia siku ya tano hivi, nepi 6 au zaidi zilizolowa zinaonyesha anashiba.

Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, ni machache kwa sababu tumbo lake nalo ni dogo. Usiyakamue ukayamwaga. Maji ya sukari na uji mwepesi visubiri miezi 6. Inaniuma kwamba Iringa hii ya mahindi, maharage na viazi, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Sababu ni nyingi, lakini kulikizwa mapema ni mojawapo, na hii tunaiweza wenyewe nyumbani.

Mtoto njiti huenda bado hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio; mkamulie, na muuguzi akuonyeshe kumnywesha kwa kikombe. Na kichanga yeyote anayekataa ziwa, au asiyeamka hata ukimfunua, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usingoje kuche.