MKANDAJI MZURI HUULIZA KWANZA

Katika vijiji vya Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, mtu akiumwa mgongo mara nyingi hatafuti dawa kwanza. Hutafuta mtu wa kumkanda. Wengine husema kuchua, lakini kazi ni moja. Karibu kila kijiji kina mama au mzee anayejulikana kwa mikono yake. Leo tutajifunza juu ya kazi hiyo. Inaweza kumsaidia mtu sana. Inaweza pia kumuua.

Tuchukue mfano. Kijana mmoja ni mpakiaji wa mizigo mjini Tunduma, pale mpakani na Zambia. Asubuhi anaamka mgongo umekaza. Hawezi kuinama. Anakwenda kwa bibi mkandaji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapo kwanza. Usivue shati."

Kijana anashangaa. Alidhani atalazwa mkekani mara moja. Lakini bibi ana maswali. Maumivu yalianza lini? Jana ulibeba nini? Unalala juu ya nini? Umekula? Mkojo unatoka vizuri? Una homa? Nyumbani kuna amani?

Kijana anaeleza. Jana alibeba magunia ya mahindi. Gunia moja ni kilo 100, na mengine yalikuwa lumbesa. Alikunywa chai kavu asubuhi, hakula tena mpaka jioni. Tena ana deni, na deni hilo linamnyima usingizi.

Bibi huyu anafanya kazi kwa akili. Anajua kwamba mgongo haukai peke yake. Mtu mwenye wasiwasi hukaza misuli ya shingo na mabega bila kujua. Mtu asiyelala, misuli yake haipumziki. Mwenye njaa huchoka haraka, na aliyechoka hunyanyua mzigo vibaya. Kwa hiyo bibi anamtazama mtu mzima, wala hatazami mahali panapouma tu.

Baada ya maswali, bibi ananawa mikono kwa sabuni. Kucha zake ni fupi. Anapaka mafuta kidogo ya alizeti, kisha anaanza polepole. Anakanda nyama zilizo pembeni ya uti wa mgongo. Hakandamizi mifupa yenyewe. Kila mara anauliza, "Hapa vipi, mjukuu wangu?" Kijana akisema anaumia sana, anapunguza nguvu. Wako wanaoamini kwamba mkandaji hodari ni yule anayemliza mgonjwa. Hiyo si kweli. Maumivu makali hufanya misuli ikaze zaidi.

Je, kukanda kunasaidia nini? Joto la mikono na kusugua huilegeza misuli iliyokaza. Damu hupita vizuri zaidi mahali pale. Moyo hutulia, na mtu hupata usingizi. Hayo ni mambo mazuri. Lakini kukanda hakuui vijidudu vya ugonjwa, wala hakuungi mfupa uliovunjika.

Bibi akimaliza, kazi yake haijaisha. Anamwambia kijana asilale kitandani siku nzima. Zamani watu wengi waliambiwa walale tu. Siku hizi tunajua kwamba maumivu mengi ya kawaida ya mgongo hupungua yenyewe katika wiki chache, na mtu anayetembea taratibu hupona mapema kuliko anayelala. Anamfundisha pia kunyanyua mzigo: piga magoti, usiinamie mzigo, ushike karibu na tumbo, nyanyuka kwa nguvu ya miguu, ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno. Gunia zito libebwe na watu wawili. Anamkataza pia kumeza vidonge vya maumivu kila siku akiwa na njaa, kwa sababu vingi huchubua tumbo na kuharibu figo. Mawaidha hayo yote hayamgharimu kitu, isipokuwa kumshawishi mwenye mzigo akubali watu wawili. Hilo ni gumu, tunajua.

Sasa tutazame mambo ambayo yanamtaka mkandaji azuie mikono yake.

Mtu ameanguka kwenye pikipiki na mguu umevimba au umepinda. Usimkande. Mfupa uliovunjika ukikandwa huweza kukata mishipa na nyama. Fungeni mguu kwa vijiti viwili na kitambaa ili usitikisike, kisha mpelekeni hospitali.

Dereva wa lori amekaa siku nyingi kwenye foleni ya Tunduma. Mguu wake mmoja umevimba, una joto na unauma nyuma ya goti au kwenye nyama ya chini yake. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukikanda, donge la damu linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Mtu huweza kufa papo hapo. Huyu apelekwe kwa daktari haraka.

Mtu anaumwa mgongo kwa wiki nyingi, anakonda, anatoka jasho usiku. Huenda ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu. Kina dawa, na katika vituo vya serikali dawa hizo hutolewa bure. Mgonjwa akikandwa miezi mitatu badala ya kutibiwa, anaweza kupooza miguu. Vilevile, mtu akiumwa mgongo na miguu ikafa ganzi, au mkojo ukakataa kutoka, asisubiri kesho.

Wafugaji nao wasikilize. Maumivu ya viungo pamoja na homa inayokuja na kuondoka huweza kuletwa na ugonjwa wa brusela. Ugonjwa huu hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kumshika kwa mikono mitupu mnyama aliyetupa mimba. Chemsheni maziwa. Mgonjwa apimwe damu.

Mtu ambaye ghafla mdomo umepinda, mkono umelegea, au maneno hayatoki sawasawa, huenda amepata kiharusi. Siku hiyo si siku ya kukanda. Ni siku ya kukimbilia hospitali. Baadaye, daktari akiruhusu, kunyoosha na kukanda viungo vilivyolegea kutamsaidia.

Sasa tuje kwa akina mama. Jambo hili tunalisema kwa mkazo. Tumbo la mama mjamzito lisikandwe ili kumgeuza mtoto, wala lisikandamizwe ili azae haraka. Kondo la nyuma linaweza kubanduka, au mfuko wa uzazi ukapasuka. Damu hutoka nyingi, pengine ndani kwa ndani bila kuonekana. Mama na mtoto huweza kufa kabla gari halijapatikana. Mtoto akikaa vibaya, mama aende kliniki mapema.

Baada ya kuzaa, sehemu nyingi mama hukandwa tumbo kwa maji ya moto sana. Wanaofanya hivyo hufanya kwa upendo, ni mama mzazi au mama mkwe. Lakini maji hayo yamewaunguza wengi. Mfuko wa uzazi hurudi wenyewe, na mtoto akinyonya mapema unarudi upesi zaidi. Mama akitaka kuoga maji ya uvuguvugu, ni vizuri. Pimeni maji kwa kiwiko kwanza. Na mabibi wanaompenda mzazi wao wamkande mgongo na miguu iliyochoka. Hapo watapata shukrani.

Jambo lingine ni wembe. Baadhi ya wakandaji huchanja chale mahali panapouma na kupaka dawa. Wembe mmoja ukitumika kwa watu wawili, unaweza kuhamisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Mwambie kwa adabu, "Bibi, mimi naomba kukandwa tu."

Serikali haiwadharau waganga wa asili. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili pale Muhimbili. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubali kwamba waganga wa jadi wanaweza kushirikiana na watumishi wa afya. Tanzania ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, na waganga wanatakiwa kuandikishwa. Ukienda kwa mkandaji, muulize kama ameandikishwa. Muulize pia: mgonjwa gani ulimrudisha hospitali mwaka huu? Akijibu kwamba hajawahi kumrudisha hata mmoja, tafuta mwingine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

Kwa nini bibi alimwambia kijana asivue shati kwanza?

Katika kijiji chenu, nani huamua mama mjamzito akandwe au asikandwe? Mtamweleza vipi bila kumvunjia heshima?

Mgonjwa akitakiwa kwenda hospitali usiku, ni nani mwenye chombo cha kumbeba, na mmekwisha kuzungumza naye?